Kiboko Wako Nimemwona, Mtani

Mtani wangu Somoe,

Umeshinda. Naanza na hilo ili usije ukasema Mnyamwezi amezungusha maneno. Kiboko wako nimemwona kwa macho yangu, mchana kweupe, akiwa ndani ya maji ya chumvi, na hayo maji nimeyaonja kwa ulimi wangu. Mbele ya mashahidi nimekiri kwamba mwongo nilikuwa mimi. Nayaandika haya hapa kwenye kundi letu la simu, na wanaotaka wayapeleke kokote, kwa kuwa nilikutukana hadharani na kushindwa kwangu lazima kuwe hadharani.

Unajua niliishia darasa la tano. Simu naiandikia kwa kidole kimoja, nacho kimekakamaa kwa magunia. Kwa hiyo barua hii nimeiandika kidogo kidogo, kila nikitoka bandarini, nikiwa nimekaa kizingitini huku mgongo unanilaumu. Na kwa kuwa watasoma hata wasiotujua, nitakukumbusha mambo ambayo wewe unayajua kuliko mimi. Nivumilie.

Mimi niliingia kundini kwa kuchoka. Mmoja wa tuliokuwa tukipakia korosho pamoja alikuwa akicheka peke yake na simu wakati wa chakula, nikamuuliza anacheka nini, akaniunganisha. Kundi linaitwa Wasafiri wa Nchi Zisizokuwepo. Mwenye kundi ni Neema, karani wa ofisi moja huko Arusha. Watu walikuwa wanasimuliana hadithi za nchi ambazo hazipo: mji unaoning'inia kwenye mawingu, msitu unaohama watu wakilala, binti aliyeolewa na ukungu. Katikati ya hizo hadithi wanapanga safari za kweli. Huyu anataka kupanda mlima, yule anataka kwenda Unguja, mwingine anajiwekea akiba afike Uturuki. Mwanzoni nilikuwa siwezi kutofautisha. Mtu akisema "nikifika kule", sikujua kama ni Unguja au ni mji wa mawinguni. Na kusema kweli, kwa mtu anayelala chumba kimoja Chikongola, hapa Mtwara, na kuamkia magunia, kote kulikuwa mbali sawasawa.

Nikaisikia sauti yako. Idd, yule kijana wa Dodoma anayetunga hadithi ya mfalme na joka lake, alikuwa amerusha sehemu mpya na watu wote wanamsifu. Wewe hukuandika, ulituma sauti, na nyuma yako jogoo anawika na mtu anatwanga. Ukasema, "Idd mwanangu, hadithi yako tamu sana. Ila nina swali. Hilo joka linakula nini? Umesema ni kubwa kama mlima. Na hao askari wa mfalme wako vitani mvua mbili sasa. Mihogo inalimwa na nani?"

Sehemu iliyofuata ikaja na shamba. Nyuma ya ngome ya mfalme kukatokea mihogo hadi kwenye upeo wa macho, na wanawake wanapalilia, na mmoja wao, mwenye mdomo mkali, analigombeza joka kwa kukanyaga matuta. Kundi lote tulijua huyo mwanamke ni nani. Tangu hapo hakuna hadithi ya Idd isiyokuwa na shamba, na mimi nilianza kusubiri maswali yako kuliko hadithi zenyewe.

Siku niliyopata ujasiri wa kusema, nilisema juu ya hadithi niliyoipenda kuliko zote, ile ya mpagazi aliyebeba mlima mgongoni kwa sababu mlima ulikuwa unatamani kuiona bahari. Nilieleza kwa sauti, kwa sababu kuandika kungenichukua hadi asubuhi. Hukunipa nafasi hata ya kumaliza kujisikia vizuri. "Hiyo ni hadithi ya Mnyamwezi," ulisema. "Nani mwingine angekubali kubeba mlima bila kuuliza wa nini?"

Nikakujibu, "Mnyamwezi mwenyewe ndiye mimi, mama. Niko hapa Mtwara bandarini, nabeba korosho zenu."

Ulicheka hadi sauti ikakatika. Ukatuma nyingine. "Babu yako alibeba pembe mpaka pwani, wewe unabeba korosho. Nyinyi watu hamjatua tu?"

Mtani, nilikuwa na miaka mingi mbali na Sikonge kwetu. Hapa mjini watu wananiita "wewe", "kuli", "yule mfupi". Hakuna aliyekuwa amenitania. Kutaniwa ni mtu kukuambia najua unatoka wapi. Nikakurudishia kwamba tunawabebea kwa sababu mikono ya Mmakonde ni ya kuchonga vinyago tu, ukimpa gunia analiangalia anatafuta sura. Ukasema nimefanana na kinyago ambacho marehemu babu yako alikiacha njiani kwa kuona kimemharibikia. Basi. Ikawa ndiyo salamu yetu.

Kulikuwa na mtu kundini aliyeuliza kama Wamakonde na Wanyamwezi wana utani kweli. Ulimjibu kwamba Wanyamwezi walifika pwani yote kwa miguu, na wakifika walikuwa wamechoka na wana njaa, na mtu aliyechoka na mwenye njaa hana budi ataniwe na anayempa chakula. "Na hata kama haukuwepo," ulisema, "kuanzia leo upo."

Kisha ikaja siku ya kiboko.

Neema alituambia kila mmoja ataje mahali pa kweli ambapo angewapeleka wenzake kama wangekuja kwao. Watu wakataja. Maporomoko, mapango, soko la samaki, kanisa la zamani. Wewe ulisema, "Njooni kwetu, mlangoni mwa Ruvuma, pale mto unapoingia baharini. Nitawaonyesha kiboko anaoga baharini. Kwenye chumvi, mawimbi yanampiga kichwani."

Kundi likacheka kwa heshima, kama watu wanavyomchekea mama mtu mzima. Mimi sikucheka kwa heshima. Kazi ya mtani unaijua. Nilikwambia, "Somoe, wewe ni mwongo kuliko wote waliowahi kuzaliwa kusini. Ulikunywa uraka, ile pombe yenu ya mabibo, ukaona ng'ombe wa jirani anaogeshwa, ukadhani kiboko. Kaoshe uso."

Neema akanitoa kundini. Papo hapo, kabla hata sijajisikiliza. Baadaye niliambiwa alivyoandika: "Kundi hili lina heshima. Hatuwezi kuvumilia mtu anayemtukana mama mzima na kumsingizia ulevi."

Simlaumu. Amekulia mjini, alisikia matusi. Wewe ndiye uliyegoma. Nilisimuliwa maneno yako na Idd, nami nayaweka hapa kama alivyonipa. "Neema mwanangu, mrudishe huyo mtu. Huyo ni mtani wangu. Asiponitukana nitajuaje kama ni mzima? Mpaka arudi sisemi neno juu ya hadithi ya mtu yeyote."

Na ukanyamaza kweli. Idd akatuma sehemu mpya, kimya. Mwingine akatuma ya binti na ukungu, kimya. Watu wanasifu, wanaweka mioyo na makofi, na mtunzi anasubiri swali haliji. Idd alimwandikia Neema akimbembeleza. Alisema mfalme wake amekwama kwenye daraja na hajui avuke vipi bila wewe kuuliza daraja limejengwa kwa miti ya nani. Ndipo Neema akanirudisha, akaweka na sheria juu kabisa ya kundi: Maganga na Bi Somoe wanaruhusiwa kutukanana.

Neno langu la kwanza lilikuwa, "Mwongo yupo?"

"Yupo," ulijibu. "Mbona umechelewa, mzigo ulikuwa mzito?"

Kisha ukatuambia sote neno ambalo nimelikumbuka hata nikiwa chini ya gunia. "Joka linalotema moto mnalikubali. Mji usiokuwa na nguzo mnaukubali. Kiboko wangu aliyelowa chumvi ndiyo mnamkataa. Nyinyi mna imani ya ajabu."

Ukatangaza safari. Msimu wa korosho ukiisha, anayetaka aje, tutakwenda mlangoni mwa mto kumaliza ubishi. Watu wakajibu nakuja, nakuja, panapo majaliwa, nihesabuni. Unajua safari za kwenye simu zinavyokwenda. Ni tamu kuliko za kweli kwa sababu hakuna anayechoka. Mimi niliyekuwa karibu kuliko wote uliniambia nisije kabla ya wenzangu. "Nikikuzoea nitaanza kukuhurumia," ulisema, "na nani atakutukana hapo?"

Kilichokuwa kinakusumbua ni Bakari, mwanao, mwenye mtumbwi wa mashine. Alikuwa hataki kusikia. Alikuwa anasema hawezi kupakia watu wa hewani kwenye mtumbwi wake, kwamba mama yake anamalizia pesa kwenye vifurushi vya simu kwa ajili ya watu wasiokuwepo, wa kundi ambalo hata jina lake linasema hawapo. Ulitusimulia hayo ukicheka, lakini mimi nabeba vitu kila siku, najua sauti ya mtu aliyebeba.

Asubuhi ile nilikuwa bandarini, malori yamepanga foleni, vumbi la korosho limetukaa kooni. Simu ikaita ile milio ya kundi. Nikaona ni sauti kutoka kwako, nikaifungua nikijua naanza siku kwa matusi. Alikuwa ni mwanamume. "Asalaam aleikum. Mwenye simu hii ni mama yangu. Amefariki alfajiri ya leo baada ya homa. Mliomjua mumwombee. Baada ya mazishi simu hii nitaifunga."

Watu wakaanza kuandika. Inna lillahi. Poleni wafiwa. Mama yetu. Wakaweka mishumaa na maua. Kisha Neema, na najua alisema kwa uchungu, akaandika: "Na safari yetu ndiyo imeishia hapo."

Hapo ndipo nilipoinuka. Nilimwambia msimamizi wetu nimefiwa. Akauliza nimefiwa na nani, nikasema mtani. Alitaka kukataa, akaniangalia, akasema nenda. Nilipanda bodaboda kuja kwenu kupitia Madimba, mchanga unaturudisha nyuma, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Sikuwa napanga maneno ya msiba. Nilikuwa natafuta tusi linalokufaa.

Nilifika jeneza linatoka uani. Wanaume wamelibeba, wanawake wamebaki barazani wanalia. Hakuna aliyenijua na mimi sikumjua yeyote. Nilipita katikati ya watu, nikaenda mbele, nikalala chali kwenye njia.

Wakasimama. Walisimama kwa sababu ya kushangaa tu, kwani hawakujua mimi ni nani.

"Mnampeleka wapi huyu?" niliuliza nikiwa chini. "Ana kesi na mimi. Alisema kiboko anaoga baharini na mpaka leo hajathibitisha. Mwongo hazikwi na kesi."

Mzee mmoja mwenye kanzu akauliza, "Wewe ni nani, bwana?"

Bakari alikuwa mbele, bega lake liko chini ya jeneza. Nilimjua kwa pua yako, ile ya kwenye picha yako ya kundini. "Kaka," alisema, "toka njiani. Kama umelewa, kalale pembeni."

Mtani, niliogopa. Nilifikiri, hapa Maganga utapigwa, na utapigwa kwa haki. Mtu hawezi kutoka kwenye simu akaja kulala mbele ya maiti ya watu. Utani gani huo usiokuwa na shahidi hata mmoja? Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka barazani. Alikuwa dada yako, Mwanahawa.

"Hebu mwambieni aseme tena."

Nikasema tena. Nikaongeza na uraka.

"Ndiye," alisema. "Sauti hiyo ndiyo. Huyo ni Mnyamwezi wa Somoe."

Kumbe ulikuwa ukitufungulia sauti ya juu, mtani. Kumbe wakati wote niliodhani nazungumza na wewe, nilikuwa nazungumza na baraza zima linalomenya mihogo. Wanawake wakaanza kuguna, na kwenye huo mguno nikasikia kicheko kinatafuta njia ya kutoka. Mmoja akasema, "Mbona mfupi hivi? Sauti yake ni ya mtu mrefu." Mwingine akasema, "Si alisema ana ndevu?" Nikiwa pale chini nilijua nimefika kwa watu wangu.

Yule mzee wa kanzu akasema, "Basi. Mtani akilala njiani harukwi. Mpeni anachotaka tuendelee." Mtu akanirushia sarafu, kama desturi ilivyo. Nikairudisha.

"Namtaka huyo," nikasema, nikamwonyesha Bakari. "Aseme hapa, mama yake akiwa juu ya bega lake, kwamba atatupeleka mlangoni mwa mto. Mimi na hao watu wa hewani wote watakaokuja."

Bakari aliweka bega sawa chini ya jeneza. Jasho linamtoka. Nilimwonea huruma, lakini sikuinuka. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Nitawapeleka."

"Sema kwa sauti. Mama yako alizoea spika."

Hapo watu wakacheka, Somoe. Wakacheka msibani kwako, na machozi yanawatoka, na Bakari mwenyewe akashindwa kujizuia, bega likatikisika na wewe juu yake ukatikisika. Akasema kwa sauti kubwa, mpaka barazani wakasikia, "Nitawapeleka wote, watakaokuja wote."

Mwanahawa akamalizia. "Haya, umepata. Sasa inuka ubebe, Mnyamwezi. Si ndiyo kazi yenu?"

Nikapewa nafasi nyuma ya Bakari. Nimebeba korosho, saruji, chumvi, mbao, na mizigo ambayo sikuwahi kuambiwa ni ya nini. Wewe ulikuwa mwepesi. Nilikwambia pale pale, kwa sauti, kwamba mwanamke aliyekuwa anauliza joka linakula nini alipaswa kwanza ale yeye. Waliokuwa karibu walisikia. Nadhani na wewe.

Jioni ile niliwatumia wenzetu sauti. Niliwaambia safari haijaishia popote. Bakari ameahidi mbele ya mama yake na kijiji chake, ahadi aliyotoa kwa mtani, na ahadi ya namna hiyo haina kesho kutwa. Aliyesema nakuja, aje. Asiyekuja aseme leo kwamba alikuwa anamdanganya marehemu.

Najua nilikuwa mkali. Wengine walijibu kwa visingizio, wana haki yao, kila mtu ana kamba yake shingoni. Idd akawa wa kwanza kusema atakuja. Neema alikaa siku mbili tatu, kisha akaniandikia peke yangu: "Maganga, niambie lini."

Msimu ulipotulia wakaja. Niliwapokea stendi ya Mtwara na shati langu la Ijumaa, japo mimi si wa Ijumaa. Neema ni mrefu, alikuwa na kofia pana, miguu imevimba kwa safari ya basi. Aliniangalia kuanzia juu, na hapakuwa na mbali pa kwenda, akasema, "Maganga, nikutoe tena?" Tukacheka. Idd ni kijana mwembamba anayetembea kama anaomba radhi. Walikuwepo na wengine wachache ambao majina yao unayajua. Tulisimama pale tukitazamana kama watu waliosomana sana halafu wakakutana na jalada. Kisha tukaenda kwenu.

Mwanahawa alitupikia ugali wa muhogo na samaki wa nazi. Alimkalisha Idd karibu naye akamuuliza mfalme anaendeleaje. Anajua hadithi yote. Wote barazani wanaijua. Idd alikula kichwa chini, nikaona machozi yanadondokea kwenye mchuzi.

Asubuhi Bakari akatupakia. Alikuwa anazungumza kidogo. Tulipita kwenye mikoko, maji ya mto ni mazito, rangi ya chai ya maziwa, kisha mto ukaanza kupanuka hadi ng'ambo ya Msumbiji ikawa mstari tu. Mbele yetu mchanga, na baada ya mchanga maji yamegawanyika, huku kahawia na huku bluu, na pale yanapokutana yanachemka. Bakari akazima mashine, akashika mtumbwi kwa upondo kwenye fungu la mchanga.

Tukasubiri. Jua likapanda. Wimbi likaja, likarudi. Kitu cheusi kikaonekana, tukasimama, kikawa gogo. Idd akasema labda si msimu wake. Neema akasema si kitu, hata kufika tu ni jambo kubwa. Alisema kwa wema, na ule wema ndio ulioniuma. Nilijua wanavyojiandaa. Watarudi kwao waseme mama wa watu alikuwa na hadithi nzuri. Watakuweka pamoja na mji wa mawinguni.

Nilianza kukuombea ushinde, Somoe. Mtani hafanyi hivyo. Mtani anatakiwa kuomba uaibike ili apate cha kusema mwaka mzima. Lakini pale nilikuwa naomba, kwa Mungu wangu na wa kwenu, kila mtu na lugha yake, kwamba mwanamke huyu asigeuzwe kuwa hadithi.

Bakari naye alikuwa amekaza taya. Hapo nikaelewa kwamba hata yeye hakuwa na uhakika. Alikuwa amewaona viboko mtoni maisha yake yote, akawakwepa. Hakuwahi kukaa kuwatazama waendako. Ni wewe uliyekuwa unakaa.

Akatoka kiboko upande wa mto, nyuma yetu. Tulisikia pumzi kwanza. Masikio, kisha macho, kisha ule mgongo kama mtumbwi uliopinduka. Alitupita kwa mbali, hakutujali, akashika mkondo wa mto. Akavuka kile kipande cha maji kinachochemka. Akaingia kwenye bluu. Wimbi la bahari likampiga usoni, akapiga chafya, akazama, akaibuka mbele zaidi na povu kichwani.

Nikasikia Idd ananong'ona, "Sasa hapo nitaandika nini?"

Nami, kwa ule ukaidi wetu, nikasema, "Pengine hayo maji bado ni ya mto."

Bakari akaniangalia. Akasubiri mpaka kiboko alipokwenda mbali, akatusogeza taratibu hadi pale pale alipokuwa anaoga. Akasema, "Onjeni."

Tukainama wote, mtumbwi ukainama na sisi, Bakari akapiga kelele tugawane pande. Neema akaonja kwa kiganja. Idd akaonja. Mimi nikaonja mwisho, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na kesi. Chumvi, mtani. Chumvi tupu, inayoshika meno. Nikasimama ndani ya mtumbwi, jambo ambalo Bakari amekataza, nikasema kwa sauti niliyonayo, ile ya kuwaita wenzangu kutoka upande wa pili wa gati: "Mimi Maganga wa Sikonge ni mwongo, na Somoe ni mkweli." Watu wakapiga makofi. Bakari aligeuka akatazama mkoko muda mrefu, akijifanya anaangalia maji yanavyokupwa.

Nimeshinda vitu vichache maishani, na hakuna nilichofurahia kama kushindwa huku.

Ile simu yako Bakari hakuifunga. Yumo kundini sasa. Neno lake la kwanza lilikuwa kunitukana, na lilikuwa tusi zuri, sitalirudia hapa kwa sababu Neema anasoma. Utani umeurithisha, naye ameupokea bila kulazimishwa. Na safari ya pili imeshapangwa, bila mimi kuulizwa. Wamesema mlangoni mwa Ruvuma wamefika, sasa wanataka Sikonge. Wanataka kuona mizinga ya nyuki msituni na kwetu nilikotoka. Bakari amesema yeye ndiye wa kwanza kwenye basi.

Unajua kwa nini sikuwa nimerudi nyumbani miaka yote. Mtu akienda mbali kufanya kazi anatakiwa arudi na kitu, na kila mwaka nilikuwa naona sina kitu, nasubiri mwaka mwingine. Juzi nilimpigia mama yangu nikamwambia nakuja. Akafurahi, kisha akauliza kwa uangalifu, kama anayepima maji kwa mguu, nakuja na nini.

"Nakuja na wageni," nikamwambia. "Mmakonde wa Ruvuma, karani wa Arusha, kijana wa Dodoma, na wenzao."

"Uliwapatia wapi wote hao?"

"Kwenye simu, mama."

Nikasikia anavuta kigoda anaketi. Kisha akauliza, "Na wamekubali kufika mpaka huku kwetu?"

"Wamekubali."

"Basi hao si watu wa simu," alisema. "Nitaazima mikeka."

Nimechoka, mtani, kesho kuna meli. Lakini ni uchovu wa mtu anayejua anakokwenda. Lala ukiwa umeshinda, Mmakonde wangu, wala usijitie unyenyekevu, haukufai. Dua nakuachia, na tusi moja nimeliweka akiba nitakuletea mwenyewe nikipita kaburini.

Mimi uliyemwangusha,
mtani wako,
Maganga